Mshale wa bei nafuu Mbulu na Hanang: Je, wafaa kwa mazoezi ya shabaha?

Kijiti cha porini ni bure, msumari ni wa bei ndogo, chembe cha springi ni mali. Mwenye upinde apoteze kipi?

UKIFIKA kwenye kambi ya Wahadzabe katika bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, nyakati za jioni, kitu cha kwanza kinachovuta macho si moto wala nyama iliyo juu yake. Ni watoto wa kiume. Kila mmoja ana upinde unaolingana na kimo chake, na wote wanalenga kitu kimoja: kibuyu kilichopasuka, kipande cha gogo au ganda la tunda la mbuyu. Mishale wanayorusha haina chuma hata kidogo. Ni vijiti vilivyochongwa, vikanyooshwa na kufungwa manyoya.

Pembeni, kwenye tawi, imetundikwa mishale ya baba. Hiyo ina vyembe vya chuma, na michache imeviringishwa ukanda wa ngozi kichwani kwa sababu imepakwa sumu. Mtoto haigusi. Baba mwenyewe, akitaka kunyoosha mkono wake jioni hiyo pamoja na watoto, huokota kijiti kama wao.

Mazoea hayo yana hesabu ndani yake, na hesabu hiyo haiwahusu Wahadzabe peke yao. Inamhusu mhunzi wa Kidatoga anayefua vyembe, mwenye duka la vifaa vya ujenzi anayeuza misumari kwa kilo, mnunuzi wa vyuma chakavu, muuza vinyago anayesubiri watalii, na hata mwenye ghala la mazao anayemlipa mlinzi wa usiku mwenye upinde na podo. Mlinzi wa namna hiyo si mgeni katika miji ya Tanzania. Tangu sungusungu walipoibuka Shinyanga na Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, upinde umeendelea kuwa zana ya ulinzi kwa wasio na uwezo wa kununua bunduki. Mlinzi asiyejua kulenga, hata hivyo, ni hasara juu ya hasara, maana mshahara unalipwa na mshale unakwenda kwa jirani.

Swali basi ni hili: je, mazoezi yafanywe kwa mshale ule ule utakaotumika siku ya kazi, au kwa mshale wa bei nafuu?

Mishale haina thamani moja

Kwa kawaida mwanamume wa Kihadzabe hubeba mishale ya aina tatu. Wa kwanza ni kijiti kitupu kilichochongwa ncha, kwa ajili ya ndege, pimbi na wanyama wengine wadogo. Wa pili una chembe kipana cha chuma kisicho na sumu, kwa wanyama wa kadiri kama swala. Wa tatu una chembe chenye miiba na sumu nyuma yake, nao umetengwa kwa wanyama wakubwa kama pundamilia na twiga. Sumu hiyo hutokana na utomvu wa waridi la jangwa au mbegu za mmea wa jamii ya Strophanthus, na kazi yake ni kuusimamisha moyo.

Kijiti hakina gharama ya fedha. Mti unakatwa porini, unamenywa gome, unapashwa moto na kunyooshwa kwa meno. Manyoya ya kanga au ndege mwingine yanafungwa kwa kano za mnyama. Gharama yake ni muda na ujuzi wa mkono, basi.

Chuma ni jambo jingine. Wahadzabe hawayeyushi chuma wala hawana tanuri. Kwa miaka mingi wamekipata kwa majirani zao, hasa wahunzi wa Kidatoga, kwa kubadilishana na asali, nyama na ngozi. Siku hizi wengi hupata msumari na kuuponda wenyewe juu ya jiwe bila kuupasha moto, mpaka unabapa na kupata makali. Kwa njia yoyote ile, chembe cha chuma kimetoka nje ya pori, na kimelipiwa.

Thamani hiyo inaonekana wazi katika mchezo wao wa kamari uitwao lukuchuko, ambao wanaume hucheza kwa kurusha vipande vya gome. Mtafiti wa Uingereza, James Woodburn, aliyeanza kuishi na Wahadzabe mwishoni mwa miaka ya 1950, alieleza kwamba mishale yenye vyembe vya chuma huwekwa dau katika mchezo huo na kuzunguka kutoka kambi hadi kambi. Visu, shanga na nguo nazo huwekwa. Lakini upinde wa mtu, mishale yake isiyo na sumu na mfuko wake wa ngozi haviwekwi dau. Hivyo ni vya kumpatia mlo wa kila siku, na vinatengenezwa kwa vitu vinavyopatikana hapo hapo.

Kwa lugha ya dukani, mshale wa sumu ni fedha taslimu, na kijiti ni jembe. Anayeupiga mshale wa chuma kwenye gogo kila jioni anachezea mtaji.

Hesabu yake si ngumu. Msumari wa inchi sita una uzito wa gramu 30 na kidogo, kwa hiyo kilo moja hutoa misumari ipatayo 30. Ichukuliwe kwamba mtu anarusha mishale 20 kila jioni, na katika kila 20 mmoja unapotea majanini au unavunjika kichwa. Kwa mwezi mmoja amepoteza vyembe 30, yaani kilo nzima ya misumari, kabla ya kuhesabu mkaa wa mhunzi, jasho la mhunzi na nauli ya kwenda sokoni. Akirusha vijiti kwa kiwango hicho hicho cha upotevu, amepoteza vijiti 30 ambavyo pori litampa vingine. Kwa familia inayolipia chuma kwa asali, tofauti hiyo ni madumu ya asali ambayo yangenunua unga au chumvi.

Wengi hukosea kwa kulinganisha bei ya mshale na bei ya mshale. Kinachotakiwa kulinganishwa ni gharama ya kila mara unaporushwa. Mshale mzuri uliorushwa mara 100 ukabaki mzima ni wa bei ndogo kuliko kijiti kibovu kinachopasuka mara ya tatu. Ndiyo maana kijiti cha mazoezi kisichonyooka, au kilichokatwa kwenye mti mbichi na kuachwa kijipinde, hakina faida yoyote hata kikiwa bure. Kinampotezea mwanafunzi muda, na mbaya zaidi, kinamfundisha kurekebisha mkono wake kwa kosa ambalo si lake.

Msumari, nondo na springi

Wilayani Hanang, hasa miongoni mwa Wabarabaig, na katika maeneo ya Wadatoga wengine hadi Yaeda na Mang'ola, uhunzi ni kazi ya ukoo. Wahunzi huoana wenyewe kwa wenyewe, na tangu zamani wafugaji wenzao wamewatenga kijamii huku wakiendelea kununua mikuki, visu na bangili zao. Mtambo wao ni mdogo: mivukuto miwili ya ngozi ya mbuzi, bomba, mkaa, koleo, nyundo na kipande cha chuma kizito kama fuawe. Malighafi ni vyuma chakavu. Kufuli na mabomba ya maji yaliyochakaa huyeyushwa kuwa bangili, na misumari, nondo na springi za magari hugeuka kuwa vyembe na visu.

Kwa anayetaka vyembe vya mazoezi, aina ya chuma ina maana kubwa kuliko ustadi wa urembo. Msumari wa kawaida ni chuma laini chenye kaboni kidogo. Haushiki makali kwa muda mrefu, na ukigonga jiwe hupinda. Lakini huo ndio uzuri wake. Kilichopinda hunyooshwa kwa mapigo mawili matatu ya nyundo bila moto, na mshale unarudi kazini jioni ile ile.

Springi ya gari ni kinyume chake. Ni chuma cha kaboni nyingi, kinachohitaji kupashwa, kufuliwa na kuzimwa kwa maji au mafuta ili kiwe kigumu. Chembe chake hukata vizuri na makali hudumu. Hata hivyo, mhunzi akikizima vibaya, kinakuwa kama kioo. Kikigonga jiwe kinavunjika ncha, na chembe kilichovunjika ncha ni cha kurudisha motoni au kutupa. Kukitumia kwa kulengea gogo ni ubadhirifu.

Nondo ipo katikati, na haitabiriki. Baadhi ya nondo ni laini kama msumari, nyingine ni ngumu, na mhunzi hajui mpaka ameanza kufua.

Lipo onyo moja ambalo wachache hulizingatia. Misumari ya kuezekea bati hupakwa zinki ili isishike kutu. Ikiwekwa motoni, zinki hiyo hutoa moshi mweupe wenye madhara, na anayeuvuta hupata homa, kichefuchefu na maumivu ya kifua saa chache baadaye. Mhunzi anayefanya kazi chini ya kibanda chenye kuta yumo hatarini zaidi. Msumari mweusi wa mbao ndio wa kununua. Wa kuezekea, wenye rangi ya fedha iliyopauka, ubaki juu ya paa, au kama hakuna mwingine upondwe bila moto.

Kwa hiyo katika swali la chuma, cha bei nafuu kinashinda, na kinashinda kwa sababu ya udhaifu wake.

Tatizo ni uzito

Hapa ndipo mshale wa bei nafuu unapoanza kumgharimu mtu. Upinde una nguvu ile ile kila unapovutwa sawasawa. Mshale mwepesi huondoka kwa kasi zaidi kuliko mzito, na kwa hiyo hushuka kidogo njiani. Aliyezoea kijiti kitupu, akishika mshale wenye chembe cha chuma, ataona umepiga chini ya pale alipokusudia. Kwa hatua 10 au 15 tofauti haionekani. Kwa hatua 40 inatosha kumkosa mnyama au kumjeruhi mguu akakimbia nao.

Aidha, uti wa mshale hupinda kidogo unapoachiwa, kisha hujinyoosha ukiwa angani. Kichwa kizito huufanya upinde zaidi. Uti mwembamba uliokuwa sawa na ncha ya mti unaweza kuyumba pembeni ukifungwa chuma. Wapiga mishale wa michezo huko Ulaya na Marekani wanalijua hilo, na ndiyo sababu maduka yao huuza ncha butu za mazoezi zenye uzito ule ule wa vichwa vya kuwindia. Ncha ya mazoezi ni ya bei ndogo, haina mabawa yenye makali, lakini kwenye mizani haina tofauti.

Mafundi wa Mbulu wanaweza kufanya hivyo bila duka. Msumari uliokatwa, usiobapwa, ukachomekwa kwenye uti na kufungwa kwa kano au waya, unampa mtu mshale wa mazoezi wenye uzito wa mshale wa kazi. Mizani ya dukani ya kupimia viungo au dawa inatosha kulinganisha. Asiye na mizani hutundika mishale miwili kwenye ncha za kijiti kilichofungwa uzi katikati na kuona upande gani unazama. Ukizidi wa kazi, msumari ukatwe. Ukipungua, waya uongezwe.

Kwa watoto wadogo hakuna haja ya kuhangaika na uzito. Wanaanza na upinde wakiwa na miaka mitatu au minne, na wanachojifunza mwanzoni ni kusimama, kuvuta na kuachia. Kijiti kinatosha, na wengine huchomeka kipande cha gunzi la mahindi kichwani ili mshale usinase mtini na usimtoboe mwenzake. Uzito unaanza kuwa hoja pale kijana anapoanza kuvuta upinde wa mtu mzima, ambao kwa Wahadzabe huhitaji nguvu ya kama kilo 30. Upinde wa namna hiyo unapeleka mshale zaidi ya mita 100, na si wa kuchezea karibu na njia ya watu na mifugo.

Kuhusu mshale wenye sumu, hakuna mjadala. Usitumike kwa mazoezi, hata kama sumu imekaa miaka na inaonekana kukauka.

Wenye bastola nao wanauliza hilo hilo

Wapo wafanyabiashara wa vitunguu saumu, maharage, mbaazi na ng'ombe ambao, kwa kusafiri na fedha za mnada, wameomba na kupata leseni ya bastola chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991. Kwao swali la mshale na chembe linarudi kwa sura nyingine: je, risasi za bei ya chini zinafaa kwa kulengea shabaha?

Jibu linafanana kwa kiasi kikubwa. Risasi nyingi za bei ya chini za milimita 9 zina ganda la chuma badala ya la shaba. Baruti yake huacha masizi mengi zaidi, na ganda gumu huchakaza mapema kidogo ile kucha inayolivuta kutoka chumbani. Hivyo ni vipuri na usafi, na kwa mazoezi vinavumilika. Kisichovumilika ni risasi kuukuu za kijeshi ambazo kiwashio chake huacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi hiyo huvuta unyevu, na bastola isiposafishwa siku hiyo hiyo kwa maji na kisha mafuta, kutu huanza kuula mtutu usiku huo.

Uzito nao upo. Kichwa cha risasi ya milimita 9 huweza kuwa na gramu 7.5, gramu 8 au hata 9.5, na kila kimoja hupiga mahali pake na kusukuma mkono kwa namna yake. Anayefanya mazoezi kwa kilicho chepesi na kubeba kilicho kizito barabarani amejifunza silaha mbili na hajui moja. Anunue ya bei nafuu yenye uzito unaolingana, na kila baada ya muda arushe chache za zile anazobeba, ili ajue kama bastola yake inazikubali.

Hatari ya kweli ni risasi dhaifu. Mlio ukiwa mdogo kuliko kawaida, kichwa kinaweza kuwa kimekwama ndani ya mtutu, na risasi inayofuata inaweza kuupasua. Hapo ni kuacha kufyatua, kuelekeza mtutu mahali salama, kutoa risasi zote na kumpelekea fundi wa silaha anayetambulika. Risasi zinazouzwa kwa siri, zisizo na boksi wala alama ya kiwanda, hazina bei nafuu ya kuzungumziwa. Ni kosa la jinai, na hakuna anayejua ndani kuna nini.

Mwenye upinde ana nafuu moja ambayo mwenye bastola hana: mshale wake anaufuata na kuuokota.

Shule haikuharibu shabaha

Kabla ya kutumia fedha kwa mishale ya mazoezi ya aina yoyote, inafaa kuuliza kama mazoezi yenyewe yana uzito unaodhaniwa. Bonde la Yaeda limetoa jibu lililowashangaza wengi.

Mwaka 2002 watafiti Nicholas Blurton Jones na Frank Marlowe walichapisha matokeo ya majaribio waliyoyafanya kwa Wahadzabe, yakiwamo mashindano ya kulenga shabaha kwa upinde na kuchimba mizizi. Walitaka kujua kama binadamu hukua polepole kwa sababu anahitaji miaka mingi ya kujifunza kazi zake. Wakalinganisha walioishi porini maisha yao yote na wale waliopoteza miaka kadhaa wakiwa shule za bweni, ambako hakuna upinde. Ingekuwa mazoezi ndiyo kila kitu, waliotoka shuleni wangeachwa mbali. Hawakuachwa. Walipiga shabaha sawa na wenzao.

Shabaha iliongezeka kwa umri, lakini sehemu ya ongezeko hilo inaeleweka kwa kukua mwili na nguvu za kuvuta upinde. Watafiti hao hawakusema kuwa uwindaji haujifunzwi. Kumpiga mnyama kunahitaji kusoma nyayo, kujua upepo, kunyata, na kuvizia usiku kwenye maji wakati wa kiangazi. Gogo halikimbii wala halinusi.

Kwa mzazi wa Yaeda Chini au Mongo wa Mono anayesita kumpeleka kijana shule akihofia kwamba atarudi hajui upinde, matokeo hayo ni habari njema. Kwa anayetaka kumfundisha mlinzi wake, yana maana kwamba hahitaji mamia ya mishale. Mishale michache iliyonyooka, upinde unaolingana na nguvu zake na jioni kadhaa kwa wiki zinatosha kumtoa kwenye aibu. Mishale 20 inayorushwa kwa makini ina faida kuliko 100 inayorushwa kwa hasira.

Shabaha iliyo laini huokoa mishale

Upotevu mkubwa hautokani na ubora wa mshale bali mahali unapotua. Anayelenga gogo la mgunga au mti mgumu atavunja vichwa. Anayelenga kwenye nyasi ndefu atapoteza mishale, kwa kuwa hupenya chini ya majani na kulala humo.

Hanang ina dawa yake, nayo iko shambani. Tangu miaka ya 1970 nyanda za Basotu zimekuwa ghala la ngano, kwa mashamba makubwa ya NAFCO yaliyoanzishwa kwa msaada wa Canada. (Ardhi hiyo ilikuwa malisho ya Wabarabaig, na kesi zake zilifika mahakamani, lakini hiyo ni makala nyingine.) Baada ya mavuno hubaki mabua makavu. Yakikandamizwa na kufungwa kwa kamba kuwa robota nene kama godoro mbili, yanasimamisha mshale bila kuuvunja, na mshale hutoka kwa kuvutwa taratibu. Asiye na mabua ya ngano ajaze gunia kwa maganda ya maharage au majani makavu ya mahindi. Nyuma yake pawe na tuta la udongo au kilima kisicho na njia.

Robota moja huchakaa katikati haraka kwa kuwa kila mtu analenga hapo. Lizungushwe, na likichakaa kabisa lilishwe ng'ombe, baada ya kuhakikisha hakuna ncha ya msumari iliyobaki ndani. Ng'ombe aliyemeza msumari hufa kwa kutobolewa tumbo na moyo, na hasara hiyo haifidiwi na akiba ya mishale ya miaka kumi.

Nani anunue, nani auze

Tahadhari moja ya sheria. Kwa miaka mingi Serikali imewaachia Wahadzabe kuwinda kwa ajili ya chakula, kwa kutambua maisha yao. Mkulima wa Dongobesh au mfugaji wa Katesh hana ruhusa hiyo. Kwa Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009, kuua mnyamapori bila leseni ni kosa, uwe umetumia bunduki ya maelfu ya dola au mshale wa msumari mmoja. Wahadzabe wenyewe wameipigania haki yao. Mwaka 2007 kampuni ya uwindaji yenye uhusiano na familia ya kifalme ya Falme za Kiarabu ilitaka bonde la Yaeda, ikaondoka baada ya kelele za ndani na nje ya nchi, na mwaka 2011 jamii hiyo ikapata hati ya kimila ya kumiliki ardhi yake kwa pamoja. Mshale wa mazoezi basi, kwa asiye Mhadzabe, ni wa robota la mabua na ulinzi wa mali yake.

Kwa muuzaji, soko kubwa la mshale wa bei nafuu ni mtalii. Wageni wengi hufika kwa Wahadzabe wa upande wa Mang'ola, wilayani Karatu, hupewa upinde, hurusha mishale mitatu minne kwenye shina, kisha hununua kumbukumbu. Mshale huo si wa kuwindia wala hautapimwa kwa mizani. Kuutengeneza kwa chembe cha springi ni kupoteza chuma kizuri. Msumari uliobapwa, uti uliopakwa michoro ya moto na manyoya yaliyofungwa vizuri vinatosha.

Manyoya ndiyo yanayoleta matatizo. Manyoya ya tai na ya ndege wengine wa porini, kama ilivyo ngozi ya mnyama, ni nyara za Serikali, na kuyauza bila kibali kunaweza kumfikisha mchuuzi polisi na kumwaibisha mteja wake uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Jogoo wa nyumbani ana manyoya ya rangi zinazopendeza zaidi ya hayo, na anayechinja kuku kwa ajili ya hoteli au mgahawa wa mnadani huyatupa. Mtengenezaji mmoja akielewana na wachinjaji wawili, atapata manyoya ya mwaka mzima kwa gharama ya mfuko wa kuyabebea.

Kwa mizigo ya ndege, mishale haiingii na abiria. Hufungwa kwenye sanduku la chini. Wauzaji wanaokata uti mfupi unaoingia kwenye sanduku la kawaida huuza kuliko wanaong'ang'ania urefu wa asili, ingawa wazee wa kambi wakiuona mshale huo huuita mchezo wa watoto.